Kinanda Ukutani, Vyombo Hewani: Cheka Video Mbovu, Usizugwe na Video Kali

Video mbovu ya muziki inachekesha, hilo halina ubishi. Lakini ukijua ni kwa nini inachekesha, utajua pia video kali inavyokuzuga. Na hapo ndipo afya yako inapoingia.

Safari hii tunaanza na kicheko, mambo mazito yatafuata.

Vuta picha. Uko kwenye gati la bandari, mchana kweupe. Mbele ya ghala wamesimama wanaume watano, nywele zao ndefu zinapeperushwa na upepo. Mmoja anapiga kinanda kwa nguvu zake zote, vidole vinakwenda mbio, kichwa kinatikisika. Tatizo ni moja tu: kinanda hakipo! Anapiga hewa. Wenzake nao wanapiga vyombo vya hewani, tena wamekunja sura kama watu wenye kazi nzito. Mara ghafla kinanda kinatokea. Kiko wapi? Kimetundikwa ukutani kama kalenda, na mpigaji wake amesimama pembeni anakibonyeza huku anakutazama kwa uchungu.

Bado. Dada mmoja anapita, amevaa sketi nyeusi ya ngozi, anatembea kwa madaha. Wale jamaa wanamfuata na kumwimbia kama makonda wa Msamvu wanaogombea abiria wa mwisho. Yeye wala hana habari nao. Mwisho wa video tunamwona yuko kitandani. Kumbe ilikuwa ndoto!

Usidhani tumeitunga. Video hiyo ni ya wimbo "Separate Ways" wa bendi ya roki ya Marekani iitwayo Journey. Ilipigwa mwaka 1983 kwenye gati la mji wa New Orleans, na kwa zaidi ya miaka 40 sasa watu wanaicheka. Mwaka 1993 televisheni ya MTV ilianzisha katuni ya vijana wawili watukutu, Beavis na Butt-Head, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukaa kwenye kochi na kuzisema video za muziki. Video hii nayo haikupona.

Wimbo wenyewe si mbaya hata kidogo. Mwaka huohuo wa 1983 ulifika namba 8 kwenye chati ya Marekani, na mwaka 2022 ulisikika tena kwenye matangazo ya tamthilia ya "Stranger Things", vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakaupenda. Kwa hiyo wimbo ni mzuri, ila video imechemsha. Mambo hayo mawili yanatenganaje?

TATIZO NI PESA?

Wengi watajibu haraka: "Hawakuwa na pesa." Si kweli. Journey walikuwa na pesa. Albamu yao ya mwaka 1981 ilishika namba moja Marekani.

Sasa tumtazame mtoto wa nyumbani. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Mwezi Novemba 1975 Queen walitengeneza video ya wimbo "Bohemian Rhapsody". Walikuwa wanaondoka kwenye ziara, hawakuwa na nafasi ya kwenda studio za televisheni kila wiki. Wakaipiga video hiyo kwa saa chache tu. Zile sura zinazojirudiarudia kwenye skrini hazikutengenezwa kwa kompyuta. Walitumia pia lenzi maalumu mbele ya kamera. Wimbo ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa, na video yake inatazamwa mpaka leo.

Kwa hiyo pesa si hoja. Tofauti iko kwenye mpango. Queen walijua wanataka mtazamaji aone nini, na wakati gani. Wimbo wa Journey unahusu watu wanaoachana, jambo la kuumiza. Lakini macho yako yanaona nini? Kinanda ukutani! Masikio yanaambiwa "huzuni", macho yanaambiwa "vituko". Wawili hawa wakigombana, mtu anacheka.

MDOMO UMECHELEWA BASI

Chanzo kikubwa cha kicheko kwenye video mbovu ni pleibeki. Karibu kila mwimbaji unayemwona kwenye video hatoi sauti unayoisikia. Wimbo ulirekodiwa studio zamani. Siku ya kushuti, spika inapigwa kwa sauti kubwa, mwimbaji anafuatisha kwa mdomo, na baadaye fundi anakaa kwenye kompyuta kupachanisha picha na sauti ya studio.

Hapa fizikia inatusaidia. Ukikaa Morogoro mjini wakati wa masika, radi ikipiga kwenye Milima ya Uluguru unaona mwanga kwanza, ngurumo inafuata. Sauti husafiri kwenye hewa takriban mita 340 kwa sekunde, na mwanga una mbio ambazo sauti haiwezi hata kuziota. Ukiwa upande mmoja wa Uwanja wa Jamhuri, na mchezaji akapiga mpira mita 100 kutoka ulipo, utaona mguu kwanza, "pu!" itakufikia baada ya kama sekunde 0.3. Ubongo wako umezoea hivyo tangu utotoni. Mwanga utangulie, sauti ifuate, na pengo liendane na umbali.

Sasa video. Kwenye mfumo wa televisheni tuliozoea Tanzania, sekunde moja ina picha 25. Fundi akikosea kwa picha tano tu, mdomo na sauti vinapishana kwa sekunde 0.2. Unaona ni kitu kidogo? Piga hesabu: kwa sekunde 0.2 sauti inasafiri mita 68. Macho yako yanakwambia mwimbaji yuko karibu mpaka unaona jino la dhahabu, masikio yanakwambia yuko nyuma ya goli. Ubongo unashtuka, unagundua kuna usanii hapa, na wewe unacheka. Sauti ikitangulia mdomo ndiyo balaa zaidi, kwa sababu huko nje haijawahi kutokea ngurumo ikaja kabla ya radi.

Je, umewahi kuona mwimbaji anatembea taratibu kama yuko ndani ya maji, lakini mdomo uko sawa na wimbo? Siku ya kushuti wimbo ulipigwa kwa kasi mara mbili, naye akaimba mbiombio kama kaskazi inamfukuza. Kamera ikachukua picha 50 kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa 25 kwa sekunde. Mwendo ukapungua nusu, mdomo ukarudi mahali pake. Ujanja huo ukifanywa vizuri hutauona. Ukifanywa vibaya, mwimbaji anatafuna kama ng'ombe.

TWENDE MORNINGSIDE NA GITAA

Tuseme wewe na washkaji zako mmeunda bendi ya roki hapa Moro. Msidhani ni jambo geni. Miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya Sunburst iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika. Mnataka video. Mnapanda mlimani mpaka Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, mji wote uko chini yenu. Mandhari bomba! Haya, tuhesabu jinsi mtakavyochemsha.

Kwanza, gitaa la umeme. Limechomekwa wapi? Hakuna waya, hakuna jenereta, TANESCO hawajafika kwenye hilo jiwe mlilopanda. Lakini gitaa linalia mpaka Kihonda. Mtazamaji ataanza kuutafuta waya, wimbo hatausikia tena.

Pili, mpiga dramu. Kwa kuwa mnafuatisha tu, anaogopa kupiga kwa nguvu asije akafunika spika. Basi anapapasa dramu kama anapaka mkate siagi, huku sauti inayosikika inabomoa ukuta. Matoazi yanalia, lakini hayatikisiki.

Tatu, ukungu. Anayeujua Uluguru anajua kwamba ukungu hauombi ruhusa. Mstari wa kwanza mmeimba juani, wa pili mmemezwa na wingu, wa tatu jua limerudi. Mkiunganisha vipande, inaonekana mwimbaji amepitia majira yote ya mwaka ndani ya sekunde kumi.

Nne, jua la saa sita. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana linasimama utosini. Kivuli cha paji la uso kinashuka kwenye macho, na kila mtu anaonekana hana macho, ana mashimo mawili. Ndiyo maana wanaoijua kazi hushuti asubuhi na jioni.

Tano, nguo. Sehemu ya kwanza mliipiga Jumamosi, ya pili Jumamosi iliyofuata, na besi wenu alisahau shati. Analisukuma geti akiwa na shati jekundu, anatokea upande wa pili akiwa na la bluu.

Makosa haya yote yana jina moja: mshono umeonekana. Video ni nguo iliyoshonwa kwa vipande. Fundi mzuri anaficha mshono, fundi mbovu anauacha nje na nyuzi zinaning'inia.

MBARAKA HAKUHITAJI KINANDA UKUTANI

Kabla hatujaendelea, tukumbushane kidogo. Mji huu ulikuwa mji wa muziki kabla video haijafika. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa hapahapa. Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz alikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vya kwanza, kama ITV na DTV, vilianza mwaka 1994. Mashabiki wengi walimjua Mbaraka kwa redio na sahani za santuri, na mpaka leo mzee akisikia gitaa lake anaacha anachofanya.

MTV ilianza Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Kuanzia hapo picha nayo ikawa inauza wimbo, na pamoja na wimbo inauza mambo mengine: nguo, nywele, magari, vinywaji, na namna ya kuishi. Hapo ndipo sisi wa elimu ya afya tunapovuta kiti na kukaa.

VIDEO MBOVU HAINA MADHARA SANA, SHIDA IKO KWENYE ILE KALI

Video mbovu ni mkweli bila kupenda. Mshono uko nje, unauona, unacheka, unaendelea na maisha. Video kali imeficha mshono, nawe unaondoka ukiamini uliyoyaona. Kumbe nayo ni vipande vilevile. Tufumue mishono michache.

Gari. Mara nyingi limeazimwa au limekodiwa kwa saa. Mwimbaji anapanda, anapigwa picha, anashuka, mwenye gari anaondoka nalo. Mwimbaji anarudi kwa daladala kama wewe.

Chupa. Kwenye filamu na video, kinywaji cha rangi ya kahawia kinachomiminwa kwenye glasi mara nyingi si pombe. Ni chai ya rangi iliyopoa! Hakuna anayeweza kurudia kipande kimoja mara kumi na tano akiwa anakunywa pombe kweli, angeanguka kabla ya kiitikio. Lakini kijana aliyeona video hanywi chai ya rangi. Yeye anakwenda kunywa yenyewe. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima hatari na kujizuia. Pombe inaishika hiyohiyo. Ndiyo maana maamuzi mengi ambayo vijana wanayajutia asubuhi yalifanyika usiku wakiwa wamelewa: kulala na mtu ambaye hukumpanga, kusahau kondomu, kupanda pikipiki ya dereva aliyelewa.

Ngozi. Taa kali, poda, na programu za kulainisha sura zinaweza kumfanya mtu yeyote awe mweupe na asiye na chunusi hata moja. Ukikutana naye sokoni hutamtambua. Wewe unajiangalia kwenye kioo unaona una kasoro, unatafuta krimu ya kujichubua. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki ikiingia mwilini inaweza kuharibu figo. Chunusi za ujana hupungua zenyewe na umri, lakini figo ikifa haioti tena.

Mapenzi. Hapa msomaji kaa vizuri. Kwenye video ya dakika nne watu wanakutana, wanatazamana, wanashikana, mlango unafungwa. Hakuna aliyeuliza "uko tayari?" Hakuna aliyesema "twende tukapime kwanza." Hakuna kondomu, hakuna mimba, hakuna kurudi kidato cha tatu huku unatapika asubuhi. Si kwamba mambo hayo hayapo. Fundi ameyakata, kwa sababu hayachezeki. Lakini maisha yako hayana fundi wa kukata. Virusi vya UKIMWI haviigizi.

Rudi kwenye video ya Journey umwangalie tena yule dada wa sketi ya ngozi. Wanaume wanne watano wanamwimbia usoni, wanamfuata, na yeye hasemi neno lolote mwanzo mpaka mwisho. Tumecheka kinanda, lakini na hilo nalo tulione. Kwenye video nyingi, za huko na za hapa, msichana ni pambo kama gari. Hapewi nafasi ya kusema "sitaki". Kaka, ukitoka hapo usidhani kumfuata msichana njiani kutoka shule mpaka kwao Bigwa ni mapenzi. Ni usumbufu. Na wewe dada, kunyamaza kwa yule wa kwenye video ni kazi aliyopewa. Wewe una mdomo, na "hapana" yako ni jibu kamili.

"NJOO UCHEZE KWENYE VIDEO YANGU"

Hili ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tunapotembelea shule, wasichana wanatuuliza swali moja kila mara: kuna kaka amesema nina sura ya video, anataka nikafanye majaribio, niende? Wavulana nao wanauliza: kuna prodyuza anataka pesa ya kurekodi, ni wa kweli?

Kupenda sanaa si kosa, na kazi ya video ni kazi halali yenye wataalamu wake. Lakini kwa kuwa sasa unajua video inavyotengenezwa, tumia ujuzi huo kumpima anayekuita.

Kushuti video kunahitaji watu wengi: wa kamera, wa taa, wa sauti, wa mavazi. Kwa nini huyu anataka mje wawili tu? Kunahitaji mwanga. Kwa nini anataka mkutane usiku? Kunahitaji mahali penye nafasi. Kwa nini majaribio yafanyike chumbani gesti? Mtengenezaji anataka kuona sura yako na jinsi unavyocheza. Kwa nini anadai picha zako ukiwa bila nguo? Mwongozaji wa kweli haogopi kuongea na mzazi wako. Huyu kwa nini anasema "iwe siri yetu"?

Jibu moja tu likikutia wasiwasi, usiende. Chini ya miaka 18 wewe ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mtu mzima anayekutaka picha za utupu anavunja sheria, hata kama ulimtumia kwa hiari yako. Ikiwa tayari umemtumia na sasa anakutisha, usimtumie nyingine wala pesa. Usifute ujumbe wake, ni ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu wa malezi. Piga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Hakuna aibu yako hapo. Aibu ni yake.

KUICHEKA VIDEO NA KUMCHEKA MTU

Tumecheka sana leo, basi tuweke mpaka.

Mwaka 1984 mwimbaji wa roki wa Marekani, Billy Squier, alitoa video ya wimbo "Rock Me Tonite". Anarukaruka chumbani, anajigaragaza kitandani, anachana fulana yake. Wimbo wake ulikwenda juu kwenye chati kuliko nyimbo zake zote, ukafika namba 15. Lakini video ilimgeuza kichekesho. Watu walisema hachezi kama mwanamume, na walioanza kununua tiketi wakapungua. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba video ile ndiyo iliyomwangusha. Tazama vizuri kilichotokea. Watu walianza kucheka video, wakaishia kumhukumu mtu kama ni mwanamume wa kutosha. Hukumu hiyohiyo iko kwenye mabweni yetu. Mvulana akicheza kwa kunyumbulika, au akilia, anapewa jina, na jina linamfuata mpaka siku ya mtihani.

Squier alikuwa mtu mzima, ana kampuni, ana mwanasheria, na video aliitoa mwenyewe. Sasa mfikirie mwanafunzi wa kidato cha pili aliyerekodiwa wakati wa likizo anaimba sebuleni kwa shangazi yake, sauti imepasuka kwa sababu ndio kwanza anabalehe. Mtu amechukua kipande hicho na kukisambaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Shule ikifunguliwa, hata wasio na simu wanamwimbia kwenye foleni ya uji. Yeye hakukubali. Hakuitoa yeye. Na sauti kupasuka wakati wa kubalehe si kosa lake, ni zoloto linakua na nyuzi za sauti zinarefuka. Kila mvulana atapita hapo. Nyani haoni kundule!

Kipimo ni rahisi. Je, mwenye kazi ameitoa mwenyewe kwa watu wote? Unacheka alichokifanya, au unacheka sura yake, mwili wake, umaskini wa kwao? Yeye akisikia unavyocheka, anaweza kucheka na wewe? Kama majibu ni "hapana", weka simu chini. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na uonevu kwa njia ya mtandao umetajwa humo kuwa kosa. Lakini hata kabla ya sheria, mwenzako anayeanza kukwepa shule, halali usiku, hali vizuri, au anasema afadhali asingekuwepo, huyo anahitaji msaada leo. Kaa naye, usimcheke, mpelekeni kwa mwalimu wa malezi au kwa mhudumu wa afya.

ZOEZI LA KLABU: ZIMA SAUTI!

Hili tunalifanya mashuleni na linafurahisha sana. Mwombeni mwalimu awatafutie video moja ya muziki mnayoipenda na televisheni au kompyuta ya shule.

1. Itazameni mara ya kwanza kama kawaida.

2. Zimeni sauti, mtazame tena. Andikeni mnachokiona tu: watu wangapi, wamevaa nini, wanashika nini, nani anatazama kamera na nani anatazamwa.

3. Geuzeni skrini ukutani, msikilize wimbo bila picha. Wimbo unasema nini hasa? Unafanana na mlichokiandika?

4. Tafuteni mishono mitano. Waya uko wapi? Jua liko upande gani? Shati limebadilika?

5. Jadilini: video hii inataka nitamani nini? Ni nani atapata pesa nikikitamani? Ni kitu gani kimekatwa kisionekane?

6. Igizeni kile kipande kilichokatwa. Mfano, mlango umefungwa, msichana anasema "subiri kwanza." Malizieni wenyewe.

JIPIME

1. Kwenye picha 25 kwa sekunde, mdomo ukichelewa kwa picha tano umechelewa kwa muda gani?

2. Freddie Mercury alizaliwa wapi?

3. Kile kinywaji cha kahawia kwenye glasi ya video kinaweza kuwa nini?

4. Mtu amekuita majaribio ya video gesti, usiku, uje peke yako. Utafanyaje?

5. Video ya mwanafunzi mwenzako anayechekwa imekufikia. Utaipeleka kwa wangapi?

Majibu: 1. Sekunde 0.2. 2. Zanzibar. 3. Chai ya rangi. 4. Huendi, na unamwambia mtu mzima unayemwamini au unapiga 116. 5. Hata mmoja. Ukipata zote, wewe ni mkali. Ukikosa la nne au la tano, soma tena kuanzia "Njoo ucheze kwenye video yangu", kisha umsomee na mwenzako.